Home Alone: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Desemba, shule zikishafungwa na mvua zikiwa zimeanza kushika, tunawaonyesha watoto wa mtaa wetu hapa Mbeya filamu ya Kevin, katika ukumbi wa kukodi, kwa projekta moja na viti vya plastiki. Maswali yaliyomo humu ndiyo yanayorudi kila mwaka kutoka kwa watoto, wazazi na walimu, pamoja na ndugu wanaotupigia kutoka Iringa na Njombe wakitaka kuandaa onyesho kama hilo kwao. Ambaye hajaiona na hapendi kuambiwa mwisho wake asome sehemu ya kwanza na ile ya wazazi na walimu, isipokuwa swali lake la mwisho, kisha arudi kwenye sehemu nyingine baadaye.

## Mambo ya msingi

Filamu hii inahusu nini?

Inamhusu Kevin McCallister, mtoto wa miaka 8 anayeishi katika kitongoji cha watu wenye uwezo karibu na jiji la Chicago, nchini Marekani. Familia za ndugu, jumla watu 15, zimekusanyika nyumbani kwao ili kesho yake zisafiri pamoja kwenda Paris kwa ajili ya Krismasi. Usiku huo Kevin anagombana na kaka yake mbele ya wote, anapelekwa kulala darini kama adhabu, na asubuhi, katika haraka ya kuwahi ndege, anasahauliwa huko huko.

Mwanzoni anafurahi kuwa na nyumba nzima peke yake. Furaha hiyo inapungua anapogundua kwamba wezi wawili, Harry na Marv, wanazunguka mtaani wakivunja nyumba za watu waliosafiri, na kwamba nyumba wanayoitamani kuliko zote ni ya kwao. Anaamua kuilinda kwa vitu vilivyomo humo humo ndani.

Ilitoka lini, na nani waliitengeneza?

Ilianza kuonyeshwa Marekani Novemba 1990. Mwandishi na mtayarishaji wake ni John Hughes, mwongozaji ni Chris Columbus, na muziki umetungwa na John Williams. Kevin ameigizwa na Macaulay Culkin, aliyezaliwa Agosti 1980, hivyo wakati wa kurekodi alikuwa na miaka 9. Harry ni Joe Pesci, Marv ni Daniel Stern, mama ni Catherine O'Hara, baba ni John Heard, na mzee Marley, jirani yao, ni Roberts Blossom. Mtoto mdogo mwenye miwani, yule ambaye Kevin anakataa kulala naye kwa sababu hukojoa kitandani, ni Kieran Culkin, mdogo wake Macaulay wa kuzaliwa.

Ina urefu gani?

Dakika 103. Ukianza saa nane mchana watoto watakuwa wametoka kabla ya saa kumi, na ndivyo tunavyoshauri, kwa kuwa mvua za Desemba huku kwetu hupenda kushuka jioni.

Ziko ngapi, na tuanze na ipi?

Ziko sita: za 1990, 1992, 1997, 2002, 2012 na 2021. Macaulay Culkin yumo katika mbili za kwanza tu, na ya pili inampeleka Kevin New York huku familia yake ikiwa Florida. Anzeni na ya kwanza. Ya pili inachekesha, lakini sehemu kubwa ya uzuri wake inatokana na kuijua ya kwanza. Kuanzia ya tatu, mtoto na wezi wanaigizwa na watu wengine, na kwa maoni yetu hakuna kati ya hizo inayomfanya mtazamaji amjali mtoto kama ile ya 1990.

Ipo ya Kiswahili?

Katika maduka ya filamu na mabanda ya video utakuta nakala zilizotafsiriwa na ma-DJ, ambapo msimulizi anazungumza juu ya sauti za waigizaji, anaeleza kinachotokea na kutia chumvi zake. Usimulizi huo ni sanaa yenye wapenzi wengi Tanzania na hatuudharau hata kidogo. Kwa filamu hii, hata hivyo, unafunika mambo mawili yenye thamani kubwa, yaani muziki na ukimya. Kevin anapotembea usiku akitazama madirishani mwa watu familia zilizokusanyika, hakuna anayesema neno, na msimulizi akijaza nafasi hiyo kwa maneno, upweke wa mtoto unapotea. Sisi tunaonyesha ile ya asili, na mtu mzima mmoja anasimama pembeni kuwaeleza watoto kwa sentensi fupi pale tu penye mazungumzo marefu.

## Hadithi na wahusika

Inawezekanaje wazazi wamsahau mtoto wao?

Hili ndilo swali la kwanza la kila mama, na mara nyingi huulizwa kwa hasira. Filamu inajibu kwa makosa madogo yanayopandana, na ni vizuri kuyafuatilia kwa makini dakika za mwanzo, kwa sababu yanapita haraka.

Wakati wa ugomvi wa usiku, maziwa yanamwagika mezani palipokuwa na pasipoti na tiketi. Baba anafuta kwa karatasi, anasokota karatasi zilizolowa na kuzitupa, na tiketi ya Kevin inatupwa pamoja nazo. Usiku upepo unaangusha waya wa umeme, saa za kuamshia zinazimika, na nyumba nzima inaamka imechelewa. Nje, wakati mizigo inapakiwa, mtoto wa jirani aliyekuja kuchungulia mabegi anahesabiwa na binti mkubwa aliyepewa kazi ya kuhesabu vichwa. Hesabu inatimia 11, kama idadi ya watoto wote ilivyo, na magari mawili yanaondoka.

Aliyewahi kuipakia familia kwenye Coaster alfajiri stendi ya Nane Nane, safari ya Tukuyu kwa bibi, watoto wa kaka na wa dada wakiwa wamechanganyika na wapiga debe, hatacheka sana. Mtu anasema, "Wote wapo?" na mwingine anajibu, "Wapo," bila yeyote kati yao kuhesabu.

Mama yake Kevin ni mzembe?

Hatukubali. Anagundua angani kwamba Kevin hayupo, na kuanzia hapo hatulii. Akiwa Paris anaipigia polisi simu. Askari anakwenda kugonga mlango, hapati jibu, anaondoka. Ndege za kurudi Chicago zimejaa, basi wengine wanabaki kusubiri, lakini yeye anatoa fedha na vito vyake kumbembeleza mzee mmoja uwanjani amwachie nafasi. Anafika Dallas, kisha Scranton, anakwama, na mwishowe anapewa lifti na bendi ya wanamuziki wa polka ndani ya gari la kukodi. Ni kama mama aliyekosa basi Dar es Salaam mkesha wa Krismasi, akafika Morogoro kwa gari la mizigo, akaunganisha hadi Makambako, akaingia Mbeya alfajiri akiwa amesimama njia nzima.

Anafika asubuhi ya Krismasi. Dakika chache baadaye mlango unafunguka na wale waliosubiri ndege ya moja kwa moja wanaingia. Baadhi ya watazamaji husema basi safari yake ilikuwa ya bure. Mtazame Kevin usoni wakati amesimama kwenye ngazi na mama yuko mlangoni peke yake, ndipo uamue.

Kwa nini Kevin hakupiga simu polisi mapema, au kukimbilia kwa jirani?

Ana sababu tatu. Ya kwanza ni kwamba anawaogopa polisi: alitoka dukani bila kukusudia akiwa na mswaki ambao hakuulipia, askari akamkimbiza, na kwa akili ya miaka 8 anajiona mhalifu anayetafutwa. Ya pili ni kwamba Harry alikuja nyumbani kwao akiwa amevaa sare ya polisi ili kujua nani anasafiri lini, na Kevin anakuja kumtambua baadaye kwa jino lake la dhahabu. Ya tatu ni kwamba mtaa mzima ni mtupu. Watoto wa Mwanjelwa huuliza kwa nini hapigi yowe. Jibu ni kwamba nyumba ziko mbalimbali, madirisha yamefungwa kwa baridi, na wenyewe wamesafiri. Hiyo ndiyo sababu wezi wameuchagua mtaa huo.

Kuhusu simu, mwanzoni tunaambiwa kwamba dhoruba imeharibu nyaya, ilhali mwishoni Kevin anawapigia polisi bila shida. Watazamaji makini hulinasa jambo hilo, na filamu hailielezi.

Mzee Marley ni mchawi?

Sio mchawi, na si muuaji kama kaka yake Kevin anavyosimulia. Ni mzee anayeishi peke yake, anayetoka usiku kuparua theluji na kumwaga chumvi njiani ili watu wasiteleze. Kazi anayowafanyia majirani ndiyo hiyo hiyo waliyomtungia hadithi ya kutisha.

Tunalijibu swali hili kwa urefu kwa sababu huku kwetu si la kuchezea. Tumeona wazee, hasa bibi vizee wenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi, wakinyooshewa vidole na watoto waliosikia maneno kwa wakubwa, na wapo wazee katika nchi hii waliouawa kwa maneno ya namna hiyo. Filamu iliyotengenezwa mbali kabisa, kwa ajili ya kuchekesha, imeugusa ugonjwa huo vizuri kuliko mikutano mingi ya mtaa.

Tazameni mkono wake. Dukani, Kevin anapokutana naye ana kwa ana, anachokiona ni mkono uliofungwa kitambaa chenye damu, na anakimbia. Siku chache baadaye, mkesha wa Krismasi, wanakaa benchi moja kanisani huku kwaya ikifanya mazoezi, na mzee anamwambia kwamba amekuja kumsikiliza mjukuu wake kwa siri, kwa kuwa yeye na mwanawe waligombana miaka mingi iliyopita na hawasemeshani. Kevin anamuuliza kwa nini asimpigie simu. Mzee anasema anaogopa. Kisha anaunyoosha mkono ule ule uliokuwa ukitisha, na mtoto anaupokea.

Mwaka mmoja bibi mmoja aliyekuja na mjukuu wake aliinama hapo, akajifuta macho kwa pembe ya kanga, na mjukuu akamuuliza kwa sauti ukumbi mzima ukisikia, "Bibi, unalia nini na wezi bado hawajaja?"

Kwa nini Marv anaacha maji yakimwagika?

Anaziba sinki na kufungua bomba katika kila nyumba waliyoiba, ili wajulikane kwa alama hiyo. Harry anamkataza, hasikii. Mwishoni polisi wanazitambua nyumba zote walizoiba kwa sababu ya alama hiyo hiyo aliyojivunia.

## Mitego na utengenezaji

Kevin alitumia mitego gani?

Hatutaitaja yote, maana kuisubiri ni nusu ya raha. Msingi wake ni kwamba mtoto anaijua nyumba yao kuliko mwizi yeyote anavyoweza kuijua: ngazi zipi zinateleza, kitasa kipi kitashikwa kwanza, dirisha lipi litaonekana jepesi. Anachora ramani kwa kalamu za rangi na kuvitawanya vitu vya kawaida: pasi, makopo ya rangi, kamba, lami, gundi, manyoya ya mto, mapambo ya kioo ya mti wa Krismasi, vigari vya kuchezea.

Kabla ya hapo anawazuia kwa ujanja mtupu. Anaweka sanamu za madukani na picha kubwa ya Michael Jordan nyuma ya pazia, anazichezesha kwa kamba na muziki juu, na wezi walio nje wanaona sherehe imejaa watu. Anatumia pia sauti ya filamu ya majambazi ya rangi nyeusi na nyeupe kuwatisha wanaofika mlangoni. Wengi hututaka tuwatafutie filamu hiyo ya zamani. Haipo; vipande vyake vilitengenezwa kwa ajili ya hii tu.

Waigizaji waliumia kweli?

Maanguko makubwa yalifanywa na waigizaji mbadala waliozoea michezo ya hatari, na bado ilikuwa kazi ngumu, kwa kuwa siku hizo hakukuwa na kompyuta ya kuchora mtu akianguka. Marv anapokanyaga mapambo ya kioo pekupeku, Daniel Stern alikuwa amevaa nyayo za mpira juu ya zake. Buibui anayetembea usoni kwake, hata hivyo, alikuwa buibui wa kweli.

Joe Pesci alikuwa amezoea kuigiza majambazi wa hatari. Mwaka huo huo aliigiza mmoja na kupata Oscar kwa kazi hiyo. Hapa ilimbidi ajizuie kutukana, ndiyo maana Harry akikasirika ananung'unika maneno yasiyoeleweka. Wakati wa kurekodi alimkwepa Culkin makusudi ili mtoto amwogope kwa dhati.

Ile nyumba ipo?

Ipo Winnetka, jimbo la Illinois, kaskazini mwa Chicago, na ndiyo inayoonekana kwa nje. Vyumba vingi vya ndani vilijengwa katika ukumbi wa michezo wa shule ya sekondari iliyokuwa imefungwa, na chumba cha chini kilichojaa maji kilitengenezwa kwenye bwawa la kuogelea la shule hiyo hiyo.

Ilileta fedha kiasi gani?

Iligharimu takriban dola milioni 18 na kuingiza takriban milioni 476 duniani kote. Studio iliyoianzisha iliiacha kwa kuona gharama zimezidi, 20th Century Fox wakaichukua. Ilipendekezwa kwa Oscar mbili, zote za muziki, na 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa daima.

Ile theluji ni kama barafu ya Kitulo?

Inakaribiana, lakini si kitu kimoja. Watoto wa Makete na Njombe wanaijua sakitu, ile inayoyafanya majani yawe meupe asubuhi za Juni na Julai na kuunguza viazi shambani, na sote tunaijua mvua ya mawe. Theluji hushuka kutoka mawinguni ikiwa laini na kulala chini siku nyingi kwa sababu mchana nao ni baridi. Kevin anamwagia maji ngazi, usiku yanaganda na wezi wanateleza. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alijaribu hivyo mwezi wa sita, na asubuhi mama yake akakuta tope mlangoni.

## Kwa wazazi na walimu

Inafaa watoto wa umri gani?

Marekani iliwekwa daraja la PG, yaani mzazi awe karibu. Sisi tunaona kuanzia miaka 7 ni sawa. Wadogo zaidi huogopa tanuri la chumba cha chini na mwonekano wa kwanza wa mzee Marley. Mtoto akiogopa, msimtoe nje. Mwambieni asubiri mandhari ya kanisani. Yapo pia matusi machache ya Kiingereza, na Kevin akipekua chumba cha kaka yake anafungua gazeti la picha za watu wazima kwa sekunde chache.

Watoto wetu wameanza kutega mitego nyumbani. Tufanyeje?

Hutokea kila mwaka, hivyo zungumzeni nao siku ile ile. Waambieni wazi kwamba pasi ikidondoka kichwani mwa mtu kutoka ghorofani inaweza kumuua, na kwamba Harry anasimama tena kwa sababu ni filamu. Vitu vya moto na vya umeme viondolewe kabisa kwenye mchezo. Vigari sakafuni navyo si salama panapokaa mzee.

Mtoto akiungua, weka sehemu iliyoungua chini ya maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpelekeni kituo cha afya. Msipake dawa ya meno wala mafuta.

Mtoto wetu afanye nini akibaki peke yake na mtu akagonga mlango?

Asifungue, na asijaribu kupambana. Apige yowe, au atokee mlango mwingine aende kwa jirani aliyekubaliwa mapema, ambaye mtoto anamjua kwa jina na kwa uso. Namba ya dharura ya polisi ni 112, na Simu ya Mtoto ni 116. Zote mbili ziandikwe ukutani kwa herufi kubwa. Kabla ya safari, mwambieni balozi wa nyumba kumi nani amebaki nyumbani. Kuhusu jirani wa kumwamini, someni tena swali la mzee Marley.

Tunataka kuionyesha shuleni au ukumbini. Kuna taratibu?

Zipo. Maonyesho ya hadhara yanasimamiwa chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, ambayo msimamizi wake ni Bodi ya Filamu, na haki za wenye kazi zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Anzeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri yenu, mkimweleza mahali, idadi ya watoto, na kama kuna kiingilio au hakuna. Nakala ya barabarani isitumike, hata kama onyesho ni la bure.

Sisi si Wakristo. Inafaa?

Katika ukumbi wetu hukaa watoto wa dini zote. Kanisa limo, nyimbo za Krismasi zimo, lakini hakuna mahubiri. Kinachosemwa humo ni habari za kumwogopa jirani na kugombana na ndugu.

Tunaweza kuzima wezi wakishakamatwa? Umeme wetu si wa kuaminika.

Tafadhali msizime. Tuliwahi kukatikiwa na umeme hapo hapo, watoto wakaenda nyumbani wakishangilia, na tukajua kwamba wameondoka na nusu ya filamu. Zimebaki dakika chache tu. Kevin anaficha kila alama ya vita, mama anafika, kisha wengine, na hakuna anayejua kilichotokea usiku ule. Halafu Kevin anasogea dirishani na kuona, kule nje, mzee Marley akimkumbatia mwanawe, mkwewe na mjukuu. Mzee anageuka, anamwona, anampungia mkono. Mtoto naye anapunga.

Baada ya hapo kaka yake anafoka kutoka ghorofani akiuliza chumba chake kimefanywa nini, Kevin anakimbia, na majina ya watengenezaji yanaanza kupanda.